Uzi: Ramani nne, hela moja, na kila mtu nyumbani ana lake. Nimejaza jedwali la maksi ndo limenivuruga kabisa

MkaziMjimwema (mleta uzi)

Wakuu salaam. Ngoja niandike kirefu maana hili jambo limeninyima usingizi kama wiki mbili sasa. Nina kiwanja huku Kigamboni, mita 20 kwa 20, barabara iko upande wa magharibi, msingi bado, kuna mawe tripu tatu na nondo kidogo tu saiti. Hela niliyonayo ni milioni 38 na nataka inifikishe kwenye boma lililopauliwa na kuwekwa madirisha, finishingi ntaenda nayo mdogo mdogo kama tunavyofanya wote. Vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko na choo cha pablik.

Sasa shida sio hela peke yake. Waifu anataka paa la kuficha (bati linajificha nyuma ya ukuta uliopandishwa juu), anasema mapande manne (paa linaloteremka pande zote nne) yamepitwa na wakati. Mimi nataka nyumba isiyo na joto, nimepanga miaka tisa kwenye chumba ambacho ikifika Februari godoro unaliacha kitandani unalala kwenye sakafu. Mama mkwe (ndio, na yeye yumo) anataka kibaraza cha kukaa jioni. Fundi anataka ramani nyepesi amalize aende kwingine. Na mimi tena huyo huyo sitaki kuvuja na sitaki kukopa.

Nikasema nisigombane na mtu, nifanye kisomi. Nikachora jedwali, kila kigezo maksi 1 mpaka 10, kubwa ndo nzuri (kwa iyo gharama ikiwa na maksi nyingi maana yake ni nafuu):

Ramani A, paa la kuficha: gharama 6, ubaridi 4, kutovuja 4, usalama 7, muonekano 9, heshima mtaani 9, bei ya kuuza baadae 8. Jumla 47.

Ramani B, mapande manne ya kawaida: gharama 5, ubaridi 7, kutovuja 8, usalama 7, muonekano 6, heshima 6, kuuza 6. Jumla 45.

Ramani C, ile ya korido katikati kama nyumba zetu za Kiswahili, paa mgongo wa tembo (linateremka pande mbili tu): gharama 8, ubaridi 8, kutovuja 8, usalama 7, muonekano 4, heshima 3, kuuza 4. Jumla 42.

Ramani D, nimeitoa mtandaoni, paa lina makona kama kumi: gharama 3, ubaridi 6, kutovuja 5, usalama 7, muonekano 6, heshima 6, kuuza 5. Jumla 38.

A imeshinda. Waifu kashangilia. Lakini mi roho inakataa na siwezi kueleza kwanini, hesabu nimerudia mara tatu jumla ni ile ile. Nimekosea wapi?

Kobe_wa_Tabata

Ngoja wajuzi waje, mi nimekaa siti ya dirishani.

BabaJunior88

Mkuu maksi za mama mkwe mbona hazipo kwenye jedwali? Utaishi kwa amani kweli?

MamaMapacha

Mi nakaa kwenye paa la kuficha mwaka wa tatu huu kwa iyo naongea nilichokiona sio nilichosikia. Nyumba ni nzuri, wageni wakija wanapiga picha getini, hilo siwezi kukataa. Ila masika ya mwaka juzi jirani ana mwembe, majani yakaingia kwenye ule mfereji wa juu ndani ya ukuta, tundu la kutolea maji likaziba, mvua ikapiga usiku kucha, maji yalipokosa pa kwenda yakarudi chini ya bati yakaingia kwenye jipsam. Tuliamka saa kumi alfajiri tukasikia puuu, siling ya chumba cha watoto imeshuka. Watoto walikua wamelala kwetu siku hiyo, Mungu mkubwa. Sasa hivi kila mwisho wa mwezi mume wangu anapanda juu na fagio, na ngazi tumenunua yetu kabisa maana kuazima kila mara ni aibu.

Kwa iyo hiyo 4 uliyoweka kwenye kutovuja sio namba tu kaka, ile ni ngazi na fagio na usiku wa mvua unalala sikio moja liko juu.

FundiPaa_Mbagala

Dada pole ila tusilisingizie paa. Paa la kuficha halivuji, linavujishwa. Mafundi wengi wanalaza bati kama wanatandika mkeka, mteremko hakuna, mfereji mwembamba, tundu moja la inchi mbili, afu mwenye nyumba anashangaa. Ukifanya vizuri unaweka mteremko wa kueleweka, mfereji mpana, matundu mawili yenye bomba la inchi nne, na tundu la tatu juu kidogo linatokeza nje ukutani, ili ya chini yakiziba maji yamwagike nje uyaone, yasiingie ndani. Hilo la tatu ndo watu wanalikataa eti linaharibu sura ya ukuta.

Na mleta uzi, gharama ya A umeipa 6 kwa sababu gani? Watu wanasema kuficha ni nafuu wakiangalia mbao na bati, kweli kenchi (zile mbao za kubebea bati) zinakua fupi mbao zinapungua. Hawahesabu tofali za kupandisha ukuta juu, ripu pande zote mbili za huo ukuta, zege la kufunga pale juu, na dawa ya kuzuia maji. Piga BOQ (orodha ya vifaa vyote na gharama zake) ya kweli utaona pengo linavyopungua.

MkaziMjimwema

Dah fundi umenigusa, hiyo 6 nilisikia tu kwa mshkaji wa kazini.

Injinia_Mstaafu

Vijana, mtu akisema mfereji mpana ajue anazungumzia maji kiasi gani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lenye mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 50 ndani ya saa moja, na Dar mvua kama hiyo ya masika sio kioja, hayo ni lita 6,000. Kwenye mapande manne maji hayo yanagawanyika pande zote nne na yakizidi yanadondoka nje, hakuna aliyekufa. Kwenye paa la kuficha yote yanaelekea kwenye mfereji mmoja ambao uko juu ya vyumba vyako. Tofauti iko hapo, paa la kawaida likikosewa linakukera, la kuficha likikosewa linakuingilia ndani. Sikukatazi. Nakwambia unanunua nini.

dogo_wa_data

Nimesoma jedwali lako bro na nadhani nimeona kwanini roho inakataa.

Angalia mistari mitatu ya mwisho, muonekano, heshima mtaani, bei ya kuuza. Hivo ni vitu vitatu kweli? Nyumba ikipendeza mtaa unaiheshimu, na mnunuzi akija anaipenda kwa sababu imependeza. Ni kitu kimoja umekihesabu mara tatu kwa majina matatu. Wakati huo gharama, ambayo ndo inaweza kukusimamisha njiani ukabaki na boma linaota majani, ina mstari mmoja tu. Bila kujua umeshampa waifu kura tatu na mfuko wako kura moja.

Toa heshima na kuuza, bakisha muonekano peke yake, jumlisha upya. A inakua 30, B 33, C 35. Yaan imegeuka chini juu, iliyokua ya tatu imekua ya kwanza, na hujabadilisha maksi hata moja, umefuta mistari tu.

Afu usalama umeweka 7 kote. Mstari ambao wote wamepata sawa hauamui chochote, futa. Sio kwamba usalama hauna maana, grili utaweka nyumba yoyote ile, ila haukusaidii kuchagua.

Na D usiiongelee tena. Linganisha na B mstari kwa mstari: gharama B iko juu, ubaridi juu, kutovuja juu, muonekano sawa, hata kuuza juu. Hakuna sehemu hata moja D inaishinda B. Kitu kama hicho hakihitaji mizani, haijalishi unapenda nini, kimeshapigwa. Kuna mchumi wa Kiitaliano aliitwa Vilfredo Pareto, jina lake ndo linatumika kwenye hii kitu, zile zinazobaki baada ya kutoa zilizopigwa kila upande ndo mnagombania, kwa sababu humo ukitaka kuongeza kimoja lazima upunguze kingine. A, B na C ndo zimebaki. Hapo ndo kazi inaanza.

Kobe_wa_Tabata

Dogo umenena, sasa kumbe C ndo mshindi?

dogo_wa_data

Hapana na hapo ndo nilikua naelekea. C imeshinda kwa sababu sasa hivi tumesema ubaridi, kutovuja, gharama na muonekano vina uzito sawa sawa. Nani kasema? Mtu akikuuliza ubaridi ni mara ngapi ya muonekano utajibu nini? Hakuna anayejua hiyo namba kichwani kwake, utaitunga tu mpaka ile unayoitaka ishinde. Mi kazini nimeona watu wazima na tai zao wanarekebisha uzito wa vigezo mpaka mzabuni wao apite, afu wanasema takwimu zimeongea.

Mwalimu_Hesabu_Tanga

Naongezea la dogo. Mwaka 1772 Benjamin Franklin, yule wa Marekani wa mambo ya radi na umeme, alimwandikia barua rafiki yake Joseph Priestley ambaye alikua na uamuzi mgumu. Akamwambia uamue nini sijui, ila namna ya kuamua ntakwambia. Gawa karatasi mara mbili, upande mmoja faida, wa pili hasara, ziandike kwa siku tatu nne zinavyokujia, usikimbilie. Kisha tafuta zinazolingana uzito ufute, moja kwa moja, au moja ya huku kwa mbili za kule, mpaka uone salio liko upande gani.

Ninachokipenda hapo ni kwamba hatoi maksi. Anauliza hiki na kile vinafutana au havifutani. Kina mama sokoni wanafanya hivyo kila siku bila barua, niongeze nyanya mbili nichukue na hiki kitunguu kilichochubuka.

Kwa hiyo mleta uzi usiulize ubaridi ni asilimia ngapi. Jiulize hivi: kama B ingekua na sura ya A, ningekubali iongezeke shilingi ngapi? Laki tano? Milioni tatu? Ukifika kwenye bei ambayo unasita, hapo ndo umejua muonekano una thamani gani kwako. Na waifu muulize hilo hilo, tena kila mtu kwenye karatasi yake msichunguliane.

MkaziMjimwema

Aisee. Ntajaribu leo usiku tukishalaza watoto.

Mpemba_wa_Darajani

Asalaam aleikum. Mie nimeona hiyo C imepewa 3 ya heshima, imeniuma kidogo hahaha. Nyumba ile ya ukumbi unapita toka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba huku na huku, haikujengwa vile kwa ujinga. Ule ukumbi ndio feni. Ukiufungua mlango wa mbele na wa uani upepo unapita wenyewe. Jiko na moto wake lipo uani huko, joto la kupika haliingii unapolala. Baraza mbele ukuta hauchomwi na jua na watu wana pa kukaa bila kuingia ndani kwako, maana na sitara nayo ni jambo la kutazamwa. Vitu vinne kwa mpango mmoja. Leo tunaleta jiko ndani, tunaziba uani, tunaweka vioo, halafu tunanunua AC.

Bajuni_Likoni

Mpemba umesema kweli. Huku kwetu Mombasa pia watu wanajenga nyumba za vioo kisha stima ikipotea wote wako nje kwa mlango wanajipepea na gazeti.

Injinia_Mstaafu

Mmeongelea maji na mmeongelea sura, joto mmelipa maksi tu bila kulitazama. Mleta uzi amesema barabara iko magharibi. Kwa hiyo uso wa nyumba, sebule na yale madirisha makubwa ya ramani A, vyote vinaangalia magharibi. Nimesoma uzi wote hakuna aliyeliona hilo, na ni kubwa kuliko paa.

Sikiliza. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Mwezi wa 6 jua la mchana linakua upande wa kaskazini, limepanda kama nyuzi 60 kutoka chini. Mwezi wa 12 linahamia kusini, limepanda kama nyuzi 73. Maana yake madirisha ya kaskazini na kusini ni rahisi kuyakinga. Dirisha la urefu wa sm 120, paa likianzia usawa wa juu ya dirisha na likitokeza sm 70 upande wa kaskazini, jua la mchana haliingii. Kusini hata sm 40 zinatosha. Magharibi haipo hesabu hiyo. Saa kumi jioni jua limeshuka linakutazama machoni, utokeze paa mita nzima litapita chini yake. Kinga ya magharibi ni kitu kilichosimama, mti, ukuta, au kibaraza kirefu cha kwenda ndani.

Na paa la kuficha halitokezi kabisa. Ukuta umesimama mtupu, unapigwa jua mchana kutwa, usiku unarudisha ndani. Kwa hiyo ukilichukua unatakiwa uweke vivuli vya zege juu ya kila dirisha, ambavyo navyo ni pesa, na havipo kwenye jedwali lako.

Halafu upepo. Kusi inavuma kuanzia kama mwezi wa 4 au wa 5 mpaka wa 9 au wa 10 kutoka kusini na kusini mashariki, kaskazi inashika Desemba mpaka Machi kutoka kaskazini mashariki. Joto kali la Dar liko kipindi cha kaskazi. Basi chumba unacholala kiwe na dirisha linaloangalia huko, na lingine upande wa pili upepo upate pa kutokea. Dirisha moja peke yake halileti upepo hata liwe kubwa kama mlango.

Kobe_wa_Tabata

Mzee umeshusha shule. Nimetoka siti ya dirishani nimekuja mbele.

dogo_wa_data

Injinia swali, hayo madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi si yanafunguka nusu tu? Ukiweka na wavu wa mbu upepo unapungua tena, na grili juu yake.

Injinia_Mstaafu

Ndio. La kuslaidi vioo viwili ukilifungua lote umepata nusu ya tundu. La kufunguka kama mlango unapata karibu lote ila linagonga grili au pazia, na upepo mkali unalipigiza. Wavu unapunguza upepo lakini bila wavu una malaria. Huwezi kupata vyote, unachofanya ni kulifanya tundu liwe kubwa tangu mwanzo ili hata ukishapunguza kwa kuslaidi na wavu na grili, kilichobaki kinatosha. Watu wanafanya kinyume, wanapunguza dirisha kwa kuogopa bei ya aluminiamu kisha wanalipa feni maisha yao yote.

FundiPaa_Mbagala

Mi naongeza kitu kidogo cha saiti. Ukitaka ubaridi kwa bei ya kawaida pandisha ukuta kozi mbili (mistari miwili ya tofali) kabla ya kupaua. Nyumba ya vyumba vitatu ukijumlisha kuta zote za nje na za ndani ni kama mita 70, kozi moja inakula tofali kama 150, kwa iyo kozi mbili ni 300 na saruji yake. Joto linakaa juu huko wewe uko chini. Na bati chukua rangi isiyo ya giza, hawa wanaochukua nyeusi na kahawia iliyoiva kwa ajili ya sura wanapika mayai. Geji (unene wa bati, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba) 28 kama hela inaruhusu, geji 30 kama haziruhusu, 32 huku karibu na bahari sikushauri, chumvi itaila mapema.

BabaJunior88

Mi naona mnamzidishia mtu mambo. Achague anachopenda mke alale usingizi. Joto utazoea, maneno hutazoea.

MamaMapacha

Baba Junior hujawahi kulala na mapacha wenye vipele vya joto wewe. Hao ndo hutawazoea.

QS_Kimya

Huwa nasoma tu humu sichangii, leo nachangia moja. Mnachanganya vitu vinavyorudishwa na visivyorudishwa. Rangi, tailizi, siling, makabati, hata aina ya vioo, hivyo ukikosea unabadilisha mwaka wa tano ukipata hela. Nyumba imeelekea wapi, madirisha yako ukuta gani, ukuta una kozi ngapi, msingi, mteremko wa paa, shimo la choo liko wapi, hivyo ukishavikosea umekosea mpaka uvunje. Kwa hiyo hata kama unapenda tailizi kuliko urefu wa ukuta, hela ya leo iende kwenye urefu wa ukuta, kwa sababu tailizi itakusubiri na ukuta hautakusubiri. Kwenye jedwali vyote vinaonekana mistari iliyo sawa, ila kimoja kina mlango wa kurudi na kingine hakina.

Na boma kukwama kwa kukosa hela ya kupaua sio maksi 3 wala 2. Ni nje ya mchezo. Hiyo milioni 38 iwe mpaka usiovukwa, ramani yoyote inayozidi ifutwe kabla haijapewa hata maksi. Sio kigezo cha kubembelezana.

MkaziMjimwema

Wakuu nimerudi, siku tisa zimepita. Naandika marejesho maana mmenisaidia sana na kuna mwenzangu atapita hapa baadae ana shida kama yangu.

Nlifanya ile ya mwalimu. Karatasi mbili, mi na waifu, swali: B ikipewa sura ya A, uko tayari kuongeza shilingi ngapi. Mimi nikaandika laki tatu. Nikafungua ya kwake najua ntakuta milioni tano. Kaandika "sura ipi?" Eti sura ipi! Nikamwambia si hilo paa la kuficha. Akasema mi paa sijali, nilichokichoka ni hizi nyumba ukizitazama kutoka barabarani unaona bati kubwa limefunika kila kitu, dirisha dogo dogo, kama nyumba ya kupangisha. Anataka uso wa mbele uwe umenyooka na madirisha marefu. Uso wa mbele tu. Yaan wiki mbili nzima tunagombania paa la nyumba yote kumbe ugomvi ni mita kumi za upande wa barabara. Sikuwahi kumuuliza, nilikua namuwekea maksi tu.

Nikamrudia mchoraji, akatoa kitu ambacho hakikuwepo kwenye jedwali langu kabisa. Paa nyuma ni mgongo wa tembo wenye mteremko wa maana, linatokeza kaskazini na kusini sm 70. Mbele upande wa magharibi ukuta mmoja umepanda juu umenyooka kama wa kontempo unalificha bati ukiwa barabarani, na chini yake kibaraza kirefu cha mita mbili na nusu ambacho kinaikinga sebule na jua la jioni. Mama mkwe kapata baraza lake bila kupiga kampeni. Madirisha marefu ya waifu yako ndani ya kivuli cha kibaraza. Korido ya C imebaki, imetoka sebuleni imenyooka mpaka mlango wa nyuma. Vyumba vya watoto viwili viko kaskazini mashariki kila kimoja dirisha kuta mbili. Masta tumeipeleka kusini mashariki, itakula kusi sawa sawa, ila kipindi cha kaskazi itakua na joto kuliko za watoto, tumekubali iwe hivyo.

Vilivyokatwa: kabati la jikoni, siling yote kwa sasa (tutakaa tunaangalia kenchi), na master nimetoa futi mbili kupata hela ya kozi mbili za fundi.

FundiPaa_Mbagala

Hongera mkuu ila nikuonye kabla hujaanza kucheka. Pale huo ukuta wa mbele unapokutana na bati ndo pa kuvujia papya. Umetoa mfereji wa nyumba nzima umebaki na kiungo cha mita kumi, ni nafuu sana, ila hakijaisha. Bati lielekezwe maji yaende pembeni kaskazini na kusini, lisiteremke kuja kugonga ukuta. Pale linapogusana uchimbe mfereji mdogo kwenye ripu uingize bati la kukunja kisha uzibe, usikubali fundi akupakie lami juu juu, jua litaipasua masika ya pili.

MkaziMjimwema

Mgongo umeelekea mashariki magharibi kwa iyo maji yanamwagika kaskazini na kusini, hayagongi ukuta. Hilo la bati la kukunja nimeliandika kwenye mkataba wa fundi.

Injinia_Mstaafu

Sebule bado inaangalia magharibi. Kibaraza cha mita mbili na nusu kitakusaidia mpaka kama saa kumi na nusu, baada ya hapo jua litapita chini. Panda mwarobaini leo upande wa barabara, kabla ya msingi, sio baada ya kuhamia. Lakini usiwe karibu na shimo la choo, na usiwe mahali majani yatadondokea kwenye paa.

MamaMapacha

Na ngazi nunua tu.

MkaziMjimwema

Hahaha ngazi ipo kwenye BOQ dada. Mwarobaini nimepata miche miwili kwa jirani, mmoja kona ya kaskazini ya geti mmoja kusini. Mama mkwe anasema anataka muembe badala yake maana mwarobaini hauliwi. Tunaendelea na mazungumzo.